UZI: Historia ya kituo cha zimamoto cha mji mdogo – tuanze na maji, mipira na milango, picha za wakuu zifuate baadaye

Mpekuzi (mleta uzi)

Wakuu,

Maandishi mengi ya historia ya vituo vya zimamoto vya miji midogo yana sura moja: orodha ya wakuu wa kituo, picha ya kikosi kimejipanga mbele ya gari, moto mmoja mkubwa, kisha shukrani. Unamaliza kusoma bila kujua kwa nini kituo kilijengwa pale, mnara ulikuwa wa nini, wala kwa nini ule moto mkubwa ulishindikana. Naomba wenye ujuzi tukusanye hapa namna ya kuifanya kazi hii vizuri, kwa mji wowote ule.

Msimamo wangu ni kwamba historia ya kituo ni historia ya maji. Karibu kila badiliko, kuanzia ndoo hadi pampu ya mkono, farasi, mvuke, mota, haidranti (kichwa cha bomba la mtaani cha kuchotea maji ya kuzimia moto) na king'ora, lilikuja kujibu swali moja: maji yako wapi, na yatafikaje kwenye moto kabla paa halijaanguka? Ukishika swali hilo, hata risiti ya zamani ya kununua ngozi inaanza kukueleza jambo.

Jambo la kwanza, tenganisheni miaka mitatu ambayo huchanganywa sana: mwaka kikundi cha kujitolea kilipoundwa, mwaka mji ulipoanza kulipa kikosi, na mwaka jengo lililopo lilipojengwa. Philadelphia, kikundi cha Union Fire Company cha akina Benjamin Franklin kiliundwa Desemba 1736, lakini mji ulianza kuwa na idara yake ya kulipwa mwaka 1871. Ni miaka 135 katikati. Ukiona tarehe imechongwa juu ya mlango, jiulize ni upi kati ya hiyo mitatu. Mara nyingi jengo la baadaye hubeba mwaka wa kikundi cha kwanza.

Kuhusu ndoo: zilikuwa mpango kamili wenye hesabu yake. Kisima kikiwa mita 60 kutoka kwenye nyumba, na watu wakisimama kila mita moja na nusu, unahitaji watu 40 kwa mstari wa ndoo zilizojaa tu, na mstari wa pili wa kurudisha tupu. Ndoo ya lita 8 ikifika kila sekunde tatu ni lita 160 kwa dakika, na hiyo ni pale ambapo hakuna anayechoka wala kumwaga. Maji hayo mtu anayarusha mita chache tu. Ndiyo maana vikao vya miji vya enzi hizo vilihangaika sana na ngazi na ndoana za kubomolea: kubomoa nyumba ya jirani ili moto ukose pa kupita kulikuwa na uhakika kuliko kuzima.

---

Kaplingi65

Nakazia hoja ya maji, halafu niingie kwenye mipira, maana hapo ndipo historia nyingi zinapokosea.

Mpira wa maji ya kuzimia moto tunaoujua ulianza Amsterdam mwaka 1672 kwa Jan van der Heyden na nduguye Nicolaas. Ulikuwa wa ngozi iliyoshonwa. Kabla ya hapo pampu ilikuwa na mdomo mgumu juu yake, kwa hiyo ilibidi isogezwe karibu kabisa na moto. Mpira uliruhusu pampu ikae kwenye maji na mtu aingie na mdomo wa maji ndani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Philadelphia wakaanza kufunga ngozi kwa ribiti za shaba badala ya uzi, na shinikizo likaweza kupandishwa bila mshono kufumuka.

Ngozi ina masharti. Isipopakwa mafuta ya wanyama mara kwa mara hukauka na kupasuka kwenye mikunjo. Ofisi ya Hataza (hati za kulinda uvumbuzi) ya Marekani ilipoungua Desemba 1836 pale Washington, pampu na mpira vilikuwepo jirani, ila mpira ulikuwa wa ngozi ya miaka mingi isiyotunzwa na haukufaa kitu. Kwa hiyo ukikuta kwenye leja ya kituo ununuzi wa mafuta ya ngozi kila baada ya miezi michache, hicho ni kikosi kilichokuwa hai. Yakikosekana kwa miaka miwili mfululizo, tazama ripoti za moto za miaka hiyo kwa makini.

Baada ya ngozi ikaja mipira ya pamba yenye utando wa raba ndani. Adui yake ni kuvu: ikikunjwa mbichi inaoza kutoka nje, na huoni hadi siku inapopasuka. Kosa la pili ni kuikunja palepale kila mara, hadi utando wa ndani unaachana na kitambaa kwenye mkunjo na kuziba njia ya maji. Ndiyo maana vituo makini vilikuwa na ratiba ya kukunjua mipira yote na kuikunja upya mahali pengine, na kila kipande kilikuwa na namba yake kwenye daftari.

Uzito nao ukumbukwe. Kipande cha mita 15 chenye kipenyo cha milimita 65 kinabeba takribani lita 50, yaani kilo 50 za maji juu ya uzito wa mpira wenyewe. Cha milimita 45 kinabeba kama lita 24. Ukisoma kwamba "watu wanne walipandisha mpira ghorofa ya pili", angalia kipenyo kabla ya kuwasifu au kuwalaumu.

---

Bi Ramani

Ahsante mleta uzi. Naongeza upande wa nyaraka.

Kwa miji ya Marekani chanzo bora kuliko magazeti ni ramani za bima za kampuni ya Sanborn, iliyoanza 1867. Zilichorwa kwa kipimo cha futi 50 kwa inchi moja, na zinahusu miji ipatayo 12,000, mingi ikiwa midogo sana. Rangi zake zina maana: njano ni nyumba ya mbao, waridi ni matofali, buluu ni mawe. Utaona kituo cha zimamoto kilipo, kipenyo cha bomba la maji chini ya barabara, na mahali pa haidranti. Kanada na Uingereza zilikuwa na ramani za namna hiyo za Charles Goad.

Usitazame toleo moja. Chukua matoleo mawili au matatu ya miaka tofauti uyaweke sambamba. Bomba la inchi 4 likibaki inchi 4 huku njano ikigeuka kuwa maghala ya ghorofa tatu, umeshapata chanzo cha moto mkubwa unaofuata.

Boston ndiyo mfano wenyewe. Mkuu wa kikosi John Damrell aliuomba mji uongeze ukubwa wa mabomba katikati ya mji, hakusikilizwa, na Novemba 1872 moto ukala majengo zaidi ya 770.

Kisha daftari la matukio. Watu hulisoma kutafuta visa. Lisome kutafuta namba: saa ya taarifa, saa ya kutoka, na idadi ya vipande vya mipira vilivyotandikwa. Zidisha vipande kwa mita 15 (au futi 50 kwa nchi zinazotumia futi) upate umbali wa maji. Moto uliotumia vipande 20 ulikuwa karibu mita 300 kutoka kwenye haidranti, na kwa umbali huo msuguano ndani ya mpira unameza nguvu nyingi ya pampu. Ukiongeza mtiririko mara mbili, upotevu huo huwa karibu mara nne. Hapo ndipo utaelewa kwa nini maji yalifika "yakidondoka" ingawa pampu ilikuwa nzima.

Leja za fedha nazo zinasema ukweli kuliko hotuba. Shayiri na nyasi kavu zikikoma na petroli ikaanza, hiyo ndiyo tarehe ya gari la mota, hata kama sherehe ilifanyika mwaka mwingine. Kuna miaka ambayo vyote vinaonekana pamoja: kituo kiliweka farasi kama akiba kwa sababu hakikuiamini mota.

---

msomaji_kimya

Bi Ramani, mji usiokuwa na ramani za bima je? Na hizo pampu za mkono, maji yalitoka kwa mfululizo au kwa kukatika?

---

Bi Ramani

@msomaji_kimya pasipo na ramani, tumia mihutasari ya vikao vya halmashauri. Tafuta maneno matatu: bomba, kisima, deni. Huko Uingereza hata parokia zina kumbukumbu, kwa kuwa sheria ya mwaka 1708 ilizilazimu parokia za London kuweka pampu, na Sheria ya Vikosi vya Zimamoto ya 1938 ikazibana halmashauri nchi nzima. Mwaka 1941 vikosi vyote vikaunganishwa kuwa kimoja cha taifa, vikarudishwa kwa mamlaka za mitaa 1948. Mtafiti asiyejua hilo hudhani daftari za 1941 hadi 1948 zimepotea, kumbe huenda ziko kwenye kumbukumbu za serikali kuu.

Pampu namwachia Fundi.

---

Fundi Mvuke

Pampu ya pistoni moja inakatika. Suluhisho lilikuwa chumba cha hewa: chombo kilichofungwa juu ya pampu. Pistoni mbili zinapokezana kusukuma maji ndani yake, hewa iliyo juu inabanwa, na pale pistoni zinapogeuka, hewa hiyo inaendelea kusukuma maji nje. Mkondo unakuwa mmoja. Pampu za Richard Newsham wa London, aliyepata hataza 1721 na 1725, zilikuwa na mpango huo, na New York ilinunua mbili mwaka 1731.

Hitilafu ya kawaida ya pampu hizi ni kopo za ngozi (vikombe vinavyoziba ukingo wa pistoni). Zikikauka zinasinyaa, pampu inapumua hewa na hainyonyi. Kituo kilichojali kilizilowesha na kupaka mafuta kila wiki. Ukiona kwenye ripoti "pampu ilikataa kwa dakika kumi", kopo kavu ndilo la kushuku kwanza.

Sasa mvuke. London, Braithwaite na Ericsson walionyesha pampu ya mvuke 1829, lakini mji uliobadili mfumo ni Cincinnati: tarehe 1 Aprili 1853 walianza kikosi cha kulipwa chenye mashine ya mvuke. Sababu ilikuwa watu kama ilivyokuwa mashine. Pampu ya mkono ilitaka makumi ya watu wapokezane, nao walikuwa wa kujitolea, wenye ushindani mkali kati ya kikundi na kikundi. Mvuke ulihitaji wachache wenye ujuzi na mshahara.

Tatizo la mvuke ni muda. Boila baridi haikupi shinikizo mara moja. Kwa hiyo kituoni kulikuwa na hita ya kudumu kwenye chumba cha chini, ikizungusha maji ya moto kwenye boila kupitia mabomba mawili yaliyotoka sakafuni. Mashine ikivutwa mbele, viungo vinaachia vyenyewe na vali zinajifunga. Kuni tayari zimepangwa, zinawashwa wakati wa kutoka.

Hii ni alama ya kutafuta kwenye jengo: matundu mawili yaliyozibwa sakafuni, karibu pamoja, katikati ya nafasi ya gari. Ukiyaona, kituo kilikuwa na mashine ya mvuke, hata kama hakuna picha hata moja.

Alama za farasi: sakafu yenye mteremko na mfereji wa mkojo, pete za chuma ukutani, boriti yenye kapi nje ya dirisha la juu kwa ajili ya nyasi, na ndoano kwenye dari mbele ya nafasi ya gari. Ndoano hizo zilining'iniza hatamu na mikanda tayari imefunguliwa. Farasi anasimama chini, vinashushwa, vinabanwa shingoni, anatoka.

---

Mnara

Wakuu, mnara wa kituo ni alama rahisi kuliko zote: ukiuona, ujue walikausha mipira ya pamba. Enzi za ngozi hakukuwa na mnara.

---

Kaplingi65

@Mnara hapo sikubaliani nawe kaka. Mnara una kazi tatu: kukaushia mipira, kuning'iniza kengele, na kukaa mlinzi wa kutazama moshi. Mmoja unaweza kufanya zote tatu au moja tu, na ngozi nayo ilihitaji kuchuruzishwa maji. Usihukumu kwa kuuona kutoka barabarani.

Ingia ndani uangalie. Wa kukaushia una kapi au safu ya vigingi juu, nafasi wazi bila sakafu za katikati, matundu ya hewa juu na chini, na mfereji chini kabisa. Kisha pima kimo. Kipande cha futi 50, yaani mita 15.24, kikitundikwa katikati juu ya kigingi kinahitaji kama mita 8. Kikitundikwa kwa ncha moja kinahitaji zaidi ya mita 15. Mnara wa mita 5 wenye kengele ni wa kengele tu.

Na kwa nini minara iliacha kujengwa? Mipira ya nyuzi za sintetiki haiozi kwa unyevu kama pamba, na makabati ya kukaushia yakachukua nafasi. Mingi iliyobaki inatumika kwa mazoezi ya ngazi na kubeba antena.

---

Mnara

Nimekuelewa mkuu, hicho kipimo cha mita 8 na 15 nakichukua. Kengele nayo mtu anaithibitishaje ilikuwa ya moto na siyo ya saa tu?

---

Zamu ya Usiku

@Mnara tafuta waya. Mwaka 1852 Boston walianza mfumo wa taarifa za moto kwa telegrafu, kazi ya William Channing na Moses Farmer, na ukasambaa hadi miji midogo sana. Kisanduku mtaani kina gurudumu lenye meno. Ukivuta mkono, springi inalizungusha na meno yanakata umeme kwa mpangilio wa namba ya kisanduku. Kisanduku namba 124 kinapiga: moja, kimya, mbili, kimya, nne. Kituoni utepe wa karatasi unatobolewa namba hiyohiyo, na nyundo ya umeme inapiga kengele ya mnarani. Nyundo hiyo iko nje ya kengele na haiyumbishi kengele yenyewe. Ukikuta bano la nyundo pembeni ya kengele na mirija ya waya inayoshuka, umepata jibu.

Wajitoleaji walikuwa na kadi ya namba nyumbani. Kadi hizo zitafuteni kwa bidii, maana zinakupa orodha kamili ya visanduku na mitaa kwa mwaka husika. Visanduku vingi vikiwa upande mmoja wa mji, mtaona nani alihesabiwa kuwa wa kulindwa.

Baada ya hapo ikaja simu. London ilianza namba ya dharura 999 tarehe 30 Juni 1937, na simu ya kwanza ya 911 Marekani ilipigwa Februari 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama.

---

msomaji_kimya

Na ile nguzo ya kutelezea?

---

Zamu ya Usiku

Chicago, 1878, kikosi cha Engine Company 21, kilichokuwa cha wazimamoto weusi, chini ya David Kenyon. Ilikuwa nguzo ya mbao iliyolainishwa na kupakwa nta. Ile ya shaba nyeupe ilifuata Worcester, Massachusetts, 1880. Sababu yake ni farasi chini na vitanda juu: ngazi ilipoteza sekunde.

Tundu la nguzo lilileta shida mbili, watu kuumia miguu na moshi wa magari kupanda vyumba vya kulala. Ya pili ni kubwa kuliko watu walivyodhani. Moshi wa dizeli uliwekwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa kwenye kundi la visababishi vya uhakika mwaka 2012, na kazi ya kuzima moto yenyewe ikawekwa humo 2022. Kwa hiyo tarehe ya kuzibwa tundu, kufungwa mirija ya kunyonya moshi wa magari, na kutengwa chumba cha kufulia nguo za moto iandikwe kwa uzito uleule wa tarehe ya kununua gari.

---

Kaplingi65

Nirudi kwenye mipira, sasa upande wa viungo, nilikuwa sijamaliza.

Februari 1904 Baltimore iliwaka kwa saa kama 30 na zaidi ya majengo 1,500 yaliharibika. Miji jirani ilileta vikosi kwa treni, na kaplingi (viungo vya mipira) za wengi hazikuingia kwenye haidranti za Baltimore. Watu walifunga vitambaa kwenye viungo ili maji yapite. Mwaka uliofuata kikawekwa kipimo cha taifa: kiungo cha mpira wa inchi 2½ kiwe na nyuzi 7½ za skrubu kwa inchi. Hiyo nusu ilichaguliwa kwa makusudi, ili viungo vya zamani vyenye nyuzi 7 au 8 viweze kukatwa upya bila kutupwa.

Kipimo kilikuwa cha hiari, na miji ilichelewa. Oakland, California, Oktoba 1991, haidranti zilikuwa za inchi 3, na vikosi vya kutoka nje vilikuwa na 2½.

Namna ya kupima kaplingi uliyoikuta stoo: weka rula juu ya nyuzi za dume (upande unaoingia ndani ya mwingine) uhesabu kwa inchi 2. Zikiwa 15 ni za kipimo hicho. Zikiwa 14 au 16 ni za zamani za mji wenyewe. Pima kipenyo cha nje cha nyuzi: kipimo cha taifa ni takribani milimita 78. Kama haina nyuzi, ina masikio mawili na pande zote zinafanana, ni ya Storz, ya Kijerumani. Pima kati ya masikio: milimita 66 ni saizi C, 89 ni saizi B. Ikiwa inaingia kwa kusukuma na kuachia kwa kuvuta pini, ni ya Kiingereza.

Aina ya kaplingi inakueleza mji ulinunua kwa nani na ungeweza kusaidiwa na nani.

---

Fundi Mvuke

Na mji usio na mabomba ulitegemea kunyonya kutoka bwawani. Kimo cha nadharia usawa wa bahari ni mita 10.3, kwa sababu ni uzito wa hewa unaoyapandisha maji. Kwa vitendo usitegemee zaidi ya mita 7.5, na kila mita 1,000 za mwinuko wa mji zinakunyang'anya kama mita 1.1. Ripoti ikisema pampu ilishindwa kunyonya mtoni, pima kimo cha ukingo kabla ya kulaumu pampu. Pampu za mzunguko za magari ya mota zilikuwa na shida ya ziada: haziwezi kujitoa hewa zenyewe, lazima kuwe na kifaa cha kuanzishia. Pistoni ya zamani haikuhitaji. Hilo lilifanya vituo vya vijijini kuchelewa kuacha pistoni, na wala haukuwa ushamba.

Onyo kwa watakaoingia stoo: msiweke shinikizo kwenye mpira wa makumbusho, msiwashe boila isiyokaguliwa, na lagi nyeupe (kifuniko cha kuzuia joto) kwenye mabomba ya hita ichukulieni kuwa ni asbesto hadi ipimwe. Rangi za zamani zina risasi, msizipige msasa mkavu.

---

msomaji_kimya

Swali la mwisho. Kituo kikihamishwa kutoka katikati ya mji, sababu kawaida ni nini? Kila andiko linasema "maendeleo".

---

Mpekuzi

@msomaji_kimya pima mlango, kisha nenda chini ya sakafu.

Mlango wa enzi ya farasi mara nyingi una upana na kimo cha mita 3 hivi, gari la leo linataka zaidi ya mita 4 kwenda juu. Mashine ya mvuke ilikuwa na tani tatu au nne. Gari lenye tanki hufika tani 15 na kuzidi. Vituo vyenye hita ya mvuke vilikuwa na chumba cha chini, maana yake gari linasimama juu ya boriti na siyo juu ya ardhi. Tafuta kwenye mihutasari ripoti ya mhandisi kuhusu sakafu, na ankara za nguzo za chuma za kuongezea chini yake. Mara nyingi utakuta kwanza waliweka nguzo, kisha wakanunua gari fupi la kuagiza maalumu, kisha ndipo wakahama. Weka tarehe hizo tatu kwa mfuatano, na uandike pamoja nazo umbali wa kituo kipya hadi kwenye nyumba za mbali zaidi za upande wa zamani.